Fundo la Baba Kwenye Lango la Maji

Nyumbani, 9 Februari

Mdogo wangu,

Salamu nyingi sana. Sisi hatujambo, ukiacha goti langu la kushoto linalojua habari za mvua kabla ya redio, na yule jogoo mwekundu aliyekufa Jumanne bila hata kuugua, kasimama tu akadondoka. Binti yangu amepata kazi kwenye duka la dawa, anavaa koti jeupe na sasa hatumwi tena maji wala kuni. Wifi hajambo? Watoto je? Simu yako naipiga, inaita mpaka inachoka, kwa hiyo nimerudi kwenye kalamu. Barua hii anakuletea dereva wa lori la vitunguu, yule mwenye pengo. Mpe jibu akirudi.

Tangu tumzike Baba ni miezi miwili sasa. Hukuja. Sikuulizi kwa nini. Watu waliuliza, nikawaambia umebanwa na kazi, nikalisema hilo mara nyingi mpaka nikaanza kuliamini mwenyewe. Mtu wa miaka tisini na moja, baharia, mkulima, baba yako mzazi, na wewe umebanwa na kushona viti vya magari. Haya, nimesema sikuulizi.

Ninachokuuliza ni fundo. Unalikumbuka lango letu la maji kule juu, ule ubao unaoziba mfereji. Baba aliufunga mara ya mwisho kabla hajaanguka kitandani, kwa ile kamba nene aliyotoka nayo jeshi la majini. Kamba imepita juu ya ubao, ncha moja iko kwenye kigingi cha ng'ambo hii, ya pili kigingi cha ng'ambo ile, na katikati limekaa fundo kubwa kama kichwa cha mtoto. Mimi sijawahi kulifungua. Zamu yetu ya maji ni alfajiri, na alfajiri miaka yote mimi nipo sokoni napanga mafungu.

Mbegu nimeshasia, kitalu kimeanza kuota. Miche itataka kuhamishiwa shambani, na bila maji shambani nitahamishia mavumbini. Mwezi wa tano wanafunga mfereji mkuu kuusafisha. Nikichelewa hapo, mwaka mzima hatuna kitunguu hata cha kukaangia.

Baba alikuwa akiwaambia wageni kwamba ni wewe tu unayelijua fundo la meli. "Huyu," anakushika bega, "huyu ndiye." Basi niambie linafunguliwaje. Kamba siikati. Sheria yake unaijua, kwenye shamba lile hakuna kamba iliyowahi kuona kisu. Halafu ndicho kitu cha mwisho mikono yake ilichokifanya. Baada ya hapo hata kijiko nilimshikia mimi.

Dada yako

Mjini, 1 Machi

Dada, shikamoo,

Barua yako imefika inanuka vitunguu mpaka watoto wakauliza tunapika nini. Sisi wazima. Mdogo ameng'oka jino la mbele, anapiga mluzi kila akisema "shangazi". Kazi ipo. Tumepata viti vya mabasi, ngozi ya plastiki ya kijani, na karakana nzima imejaa harufu ya gundi. Pole na jogoo. Pole na goti. Pole na yote, Dada, wewe ndiye uliyebeba.

Fundo hilo ni rahisi mno. Simama ukiangalia maji yanakotoka. Ncha ya kulia ipitishe chini ya mgongo wa fundo, halafu irudishe juu. Hapana, anza na ya kushoto. Ya kushoto chini, ya kulia juu, utaona kitanzi kidogo kimejitokeza, hicho usikiguse. Kuna kingine nyuma yake. Hicho ndicho. Ukikivuta taratibu linaachia lenyewe. Kama haliachii, umeanza na ncha isiyo yenyewe, rudia.

Namkumbuka Baba alivyonieleza kazi yake ya manowari. Alikuwa mpiga mzinga, ule mkubwa wa mbele. Ndiyo maana sikio lake la kulia lilikuwa halisikii. Alisema mzinga ukilia, sahani zinaruka mezani chini huko.

Dada, aliniulizia? Pale mwishoni?

Mdogo wako

Nyumbani, 16 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Huku salama. Binti yangu ameanza kunisahihisha majina ya dawa ninazozinywa tangu hajazaliwa. Mwambie mpiga mluzi kwamba shangazi amesikia na anacheka.

Sasa wewe, hayo maelezo uliyaandika ukiwa macho? Kushoto chini, kulia juu, kitanzi usiguse, kingine gusa! Nimekaa juu ya ule ubao asubuhi nzima, miguu majini, barua yako naishika kwa meno. Nikavuta ncha ya kushoto, likakaza. Nikavuka, nikavuta ya kulia, likakaza zaidi. Kitanzi chako cha nyuma nimekitafuta kama mtu anayetafuta miwani, nikaishia kubanwa kidole changu mwenyewe. Jirani yetu fundi baiskeli akapita, akasimama, akaniuliza, "Mama, unalitahiri?" Nikamfukuza. Kisha akarudi na kisu. Nikamfukuza tena.

Miche imefika kiganja. Naimwagilia kwa ndoo, natoka kisimani narudi kisimani, goti linalia. Kitalu naweza kukihudumia kwa ndoo. Shamba zima siwezi, na wewe unajua siwezi.

Halafu hili la mzinga limenichanganya. Baba aliniambia mimi kwamba alishika usukani. Aliniambia nikiwa msichana, tunapiga deki. Unakumbuka alivyotupigisha deki kila asubuhi, nyumba yenye sakafu ya udongo? Tukawa tunatengeneza matope ndani kwa amri. Akasema, "Mimi nimeshika usukani wa manowari, sishindwi na nyumba ya vyumba viwili." Na sikio la kulia? Mama alisema ni homa ya utotoni. Sasa nani kamdanganya nani? Au alifanya zote mbili? Mtu anapiga mzinga huku ameshika usukani?

Na kingine. Mwandiko wako umekuwa mzuri ghafla. Tangu lini unaandika kwa mstari ulionyooka? Wewe ambaye mwalimu aliuliza kama daftari lako limetembelewa na kuku.

Nasubiri maelezo ya mtu mwenye akili timamu.

Dada yako

Mjini, 24 Machi

Dada, shikamoo,

Watoto wazima, wifi yako mzima, anakusalimu sana. Mwandiko ni kalamu mpya tu, usinichunguze kama polisi.

Usukani! Mimi nilijua mzinga, na nimeshawaambia wanangu mzinga, sasa nikawaambie nini? Nimejaribu kumpanga Baba kichwani tangu mwanzo nikashindwa. Aliondoka kijana, akarudi mtu mzima na sanduku la bati na ile kamba. Akafyeka yale matete ambayo kila mtu alisema hayalimiki. Akamuoa Mama. Akapanda vitunguu, na hakupanda kingine mpaka amekufa. Hapo katikati kuna miaka tisa ya baharini ambayo naona kila mtu alipewa ya kwake.

Kuhusu fundo, rudia taratibu. Labda nimekosea upande.

Ninachokikumbuka mimi vizuri ni baridi. Ananiamsha alfajiri, ananivusha ng'ambo nimekaa mabegani, ananipa ncha ya kamba niishike kwa mikono miwili. Giza, simuoni. Anarudi ng'ambo yake. Kisha nasikia, "Vuta!" Navuta mpaka naanguka makalio. Nikiinuka, maji yameshaingia shambani, nayasikia yanavyopita. Kazi ya kulifungua alikuwa anaifanya yeye huko, mimi nilikuwa nafurahishwa tu nijione mtu. Nilipoondoka nyumbani nasikia kamba akawa anamfunga punda. Nilicheka nilivyosikia, lakini iliniuma pia.

Hukunijibu, Dada. Aliniulizia?

Mdogo wako

Nyumbani, 10 Aprili

Mdogo wangu,

Huku tupo. Sijapata jibu lako. Nasikia lori la mwenye pengo limekufa gia njiani, na barua zako kama ziko humo basi zinalala gereji. Hii anakuletea nesi anayekuja huko kusoma. Hamjambo wote?

Miche imepita kimo, imelala kama nywele zilizolowa. Majirani wote wameshahamisha. Wakipita wananiuliza "bado?" kwa sauti ile ya kumuuliza mgonjwa. Zamu mbili za maji zimepita mbele yangu nikiwa nimesimama pale nayaangalia yanakwenda kwa wengine. Nimebakiwa na mbili kabla hawajafunga mfereji.

Sasa kaa chini nikueleze kilichotokea Jumamosi. Amekuja mzee mmoja na fimbo, ameletwa na mjukuu wake kwa pikipiki, akasema alihudumu na Baba kwenye meli moja na habari za msiba amezipata sasa hivi. Nikamkaribisha, nikampa kiti cha Baba. Majirani hapa walimwita Baba Nahodha, si unajua. Yule mzee anauliza, "Sufuria alikufa kwa ugonjwa gani?"

Nikasema, Sufuria nani?

Akasema, "Baba yako. Sisi tulimwita Sufuria. Alikuwa mpishi."

Mpishi! Nikamwambia mzee wangu umekosea nyumba. Akanitajia kovu la kidevuni. Akanitajia jinsi anavyokohoa kabla ya kusema jambo la uongo. Akasema Baba alikaa miaka tisa baharini na bahari yenyewe aliiona kwa kidirisha cha jikoni. Usukani hajaugusa. Mzinga alikuwa akiusikia tu, sahani zikiruka. Magunia kwa magunia ya vitunguu alimenya, mpaka macho yake yakaacha kutoa machozi. Mimi nilimwona Baba akimenya beseni zima la vitunguu bila jicho kulowa, na nilimwona kwenye msiba wa Mama, jicho kavu vilevile, nikamchukia miaka.

Nikamuuliza kuhusu kamba. Akacheka mpaka nikaogopa atakufa kwangu. Akasema mpishi alipewa kamba ile aanikie mataulo. Nikampeleka mpaka langoni, tunakokotana, goti langu na fimbo yake. Akaliangalia fundo, akaligusa, akasema, "Hili si la meli. Fundo la meli mtu analifungua peke yake, gizani, vidole vimekufa ganzi. Hili sijawahi kuliona." Akaondoka na mafungu mawili ya vitunguu vya mwaka jana.

Sasa mimi sielewi chochote. Kama si la meli, amelitoa wapi? Alitudanganya wote, au na yule mzee amechanganya watu? Kovu kila mtu anaweza kuwa nalo. Msimamizi wa mfereji anataka nisimame mbele ya wakulima niseme maisha ya marehemu, kwa kuwa alikuwa mkulima mkongwe kuliko wote hapa. Nitasema nini? Nahodha? Sufuria? Tangu Jumamosi naosha vyombo huku namuuliza kwa sauti.

Niandikie haraka. Najua unalijua lile fundo. Lazima ulijue, la sivyo sina mtu.

Dada yako

Mjini, 17 Aprili

Dada, shikamoo,

Nesi amefika, mtu mwema, amekataa hata chai. Dereva naye amekuja na lori lake, ameomba radhi, barua yangu ya mwezi wa tatu kakaa nayo gereji muda wote huo. Atakuletea zote mbili pamoja.

Dada, mpishi? Nimelala nayo, nimeamka nayo. Kwanza nilikasirika na yule mzee, halafu nikamkasirikia Baba, halafu nikaanza kucheka peke yangu, wifi yako akanigusa paji la uso. Angetuambia mpishi tungemcheka? Labda tungemcheka. Mimi ningemcheka.

Fundo silijui. Hayo maelezo niliyabuni. Kamba ikate, Dada. Kwa nini ufe na ndoo kwa ajili ya kamba ya mataulo? Ikate, mimi nakuruhusu, kama ruhusa yangu ina maana yoyote.

Sitakuuliza tena lile nililokuuliza.

Mdogo wako

Wifi, shikamoo. Huku chini naandika mimi, yeye anadhani naandika anwani. Mwandiko wa barua zote hizi ni wangu. Yeye anasema, mimi naandika. Ulipopiga simu ya msiba ilimkuta kwenye mashine ya kukatia sponji. Alipokea kwa mkono wa kushoto, ulipomwambia akafunga macho, na mkono wa kulia ukaenda na sponji. Vidole vinne. Siku mliyozika alikuwa wodini. Alinikataza kabisa nisikwambie, kwa kuwa ni wewe uliyepiga. Karakana hajarudi tangu siku hiyo, na viti vya mabasi havipo. Simu ikilia anatoka nje. Nisamehe wifi, nimeshindwa kunyamaza.

Nyumbani, 29 Aprili

Mdogo wangu, kipenzi changu,

Leo salamu zitasubiri. Barua zako mbili zimefika siku moja na nimezisoma nimekaa chini pale mlangoni. Nimesoma na maneno ya wifi. Usimgombeze. Ukimgombeza utanijua.

Nililia kwa sauti, binti yangu akaja mbio na koti lake jeupe akidhani ni presha. Nimekutukana miezi minne kichwani. Kila aliyeuliza "mdogo wako yuko wapi?" nilimjibu huku nakutukana. Na wewe ulikuwa umelala wodini unanilinda mimi nisijue simu yangu imefanya nini. Mjinga wewe. Mjinga, mjinga. Nakupenda mpaka hasira zinanishika.

Sasa sikiliza. Nilipomaliza kulia nikasoma tena ile ya mwezi wa tatu, pale uliposema alikuvusha ng'ambo akakupa ncha ukavuta. Ukasema alikuwa anakufurahisha. Nikasimama. Mimi nimevuta ncha ya huku, likakaza. Nimevuka nikavuta ya kule, likakaza. Sijawahi kuvuta zote mbili kwa pamoja. Nitavutaje? Mfereji uko katikati.

Zamu yetu ilikuwa juzi. Soko nililiacha. Nikamgongea fundi baiskeli alfajiri, akaja analalamika, nikamsimamisha ng'ambo nikampa ncha. Nikasema vuta. Tukavuta. Lile fundo lililonitesa tangu mwezi wa pili likatetemeka, likatoa vitanzi viwili kama masikio, likaachia. Kamba nzima ikalala majini, haina hata alama. Ubao ukapanda. Maji yakaingia shambani yanasukuma majani makavu mbele yake, na fundi baiskeli, yule mwenye mdomo mrefu kuliko mfereji, akavua kofia.

Basi si la meli. Yule mzee alisema kweli. Nadhani Baba alilibuni na Mama, walipokuwa wawili tu na matete. Mama alipoacha kuweza, ukaja wewe, akaja punda. Nadhani. Sina wa kumuuliza. Mbele ya wakulima nilisimama nikasema alikuwa baharia miaka tisa na mkulima miaka mingine yote, na kwamba sisi wanawe hatujui kazi yake ya baharini kwa sababu alitupenda kwa uongo tofauti. Watu walicheka. Miche nimehamisha nusu. Mingine imekufa, sikufichi, lakini nusu imesimama.

Nimebakiza lako. Umeniuliza mara mbili nikajifanya sikuona, kwa sababu nilidhani jibu litakuumiza. Baba hakukuulizia. Hata mara moja. Mimi nilimlisha, nilimgeuza, nilimwogesha, na jina lako halikutoka. Lakini ile miezi ya mwisho, kila alfajiri kabla sijatoka kwenda sokoni, alikuwa anaketi kitandani, macho kwenye ukuta, anapaza sauti mpaka mishipa ya shingo inamtoka: "Vuta!" Kisha anatega sikio. Kisha anatabasamu, analala. Mimi nilikuwa namfunika shuka namwambia tulia Baba, meli imefika. Nilidhani anaota manowari yake.

Hakukuulizia kwa sababu alikuwa anakuona.

Uza hizo mashine, au usiuze, sijui, mtaamua na wifi. Chumba chenu nimekifagia. Shule ya watoto ipo, mpiga mluzi atapata wa kupigiana nao. Fundi baiskeli amesema mgongo wake haurudii tena kazi ile. Kushika ncha na kuvuta hakuhitaji vidole kumi, unaizungusha mkononi unaegemea nyuma, nimejaribu. Nilikunja vyangu vinne ndani ya ngumi nikajaribu.

Zamu yetu ya mwisho kabla hawajafunga mfereji ni Alhamisi ya wiki ijayo, na ng'ambo ya pili hakuna mtu.

Dada yako